Kamera ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Baba mkwe kaleta kamera yake ya zamani, ile ya kuzungusha lenzi mpaka picha mbili kwenye kidirisha ziwe moja. Shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kuingiza mwanga, imeganda. Kila mwaka, siku ya ndoa yao, humpiga mama mkwe picha kwa kamera hiyohiyo. Ya simu haitaki. Siku yenyewe ni Jumapili. Shemeji, mdogo wake mke wangu, akashauri tumpelekee fundi saa. Huyu shemeji husifiwa hata akifungua kopo. Nikasema fundi wa nini, na mimi nipo. Mke wangu akaniangalia, kisha akaondoa mkasi wake mezani.

Jumanne, 4 Juni
Nimetia mafuta ya cherehani. Tone moja. Shata ikalia, tamu kabisa. Nikaongeza tone kwa furaha. Imenyamaza jii.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefungua lenzi kwa bisibisi ndogo. Springi ikaruka. Mchana kutwa natambaa uvunguni mwa kochi. Mke wangu alirudi kazini, akauliza nimepoteza nini. Nikasema nanyoosha mgongo. Akavua viatu, akapiga magoti kando yangu, akaiona palepale kwenye zulia. Kisha akavifuta vibati vyembamba vya shata kwa pamba na spiriti. Vilikuwa vimegandana kwa mafuta. Ikafanya kazi.

"Sasa iache ikauke," akasema. "Usiiguse."

Nimeapa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeigusa. Tone dogo tu, la kuilainisha.

Jumapili, 9 Juni
Sebuleni. Tumejipanga, mama mkwe katikati, gauni jipya. Mzee akabonyeza. Shata ikafunguka, ikagoma kujifunga. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alibaki ameishika kamera kama mtu aliyeambiwa hapana.

Mke wangu akafunga mapazia kupunguza mwanga. Akaiweka kamera juu ya kabati, akaziba lenzi kwa kofia ya baba yake, akasogeza filamu mbele kupita kipande kilichoungua na mwanga. Akamwelekeza mzee aondoe kofia kwa sekunde chache, kisha azibe tena, kofia ndiyo iwe shata.

"Mke wangu, usitikisike," mzee akasema.

Mama mkwe akamjibu kwamba tangu amuoe hajatikisika, hawezi kuanza leo.

Alhamisi, 13 Juni
Picha imesafishwa. Mama mkwe ametokea wazi mpaka kishimo cha shavuni. Mimi na shemeji tumekuwa moshi mtupu, maana tulikuwa tukisukumana nani asimame karibu naye. Mzee anasema hajawahi kupiga picha nzuri kama hii. Ameishika tangu asubuhi, hataki kumpa mtu.

Nimetafakari sana. Shata isingegoma, picha hii isingepatikana. Na nani aliyeigomesha? Sijajisifu. Nimewaambia tu wote waliokuwepo, na jirani.

Redio ya mzee inakwaruza. Nimeshaifungua.