Ombi la Kina Mama Kutofundishwa Kusoma Mwandiko wa Mkono

Methusela Ndahani,
Kitongoji cha Ghalani,
Kijiji cha Chigongolo,
kwa njia ya sanduku la kanisa, Makutupora.

29 Juni 2026

Mkutubi,
Maktaba ya Jamii, Chigongolo.

YAH: RATIBA YAKO YA JULAI HADI SEPTEMBA

Ndugu Mkutubi, Bi. Batuli Athuman,

Pokea salamu zangu. Najua ungekuwa mbele yangu ungenipa shikamoo, kwa hiyo natanguliza marahaba ili tusimalize karatasi kwa kusubiriana. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto na jambo hili ninalokuandikia.

Ndimi yule mzee wa koti la kahawia aliyesimama mlangoni kwako Jumamosi akisoma tangazo la vipindi vipya mpaka ukamletea kiti. Ahsante kwa kiti. Tangazo lenyewe limeniharibia wiki. Kwa kuwa nilikuwa karani wa ghala la wakulima wa zabibu kwa miaka kumi na tisa, katika jengo hilohilo ambalo mmelipaka rangi ya bluu na kuliita maktaba, naona nina haki ya kusema neno. Sipingi maendeleo. Lami ilipokata kona ya shamba langu niliwapelekea wapimaji maji ya kunywa, tena kwenye gilasi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi naziona nyufa kadhaa kwenye ratiba yako. Naziorodhesha.

1. Kuhusu kimya. Umebandika karatasi tatu zinazosema TAFADHALI KIMYA. Mwanangu, wewe ni mtu wa Kondoa, si mgeni wa mbali. Unajua kuwa huku kwetu mtu haingii mahali penye watu akakaa tu. Atasalimu mbukwenyi, ataulizwa habari za nyumbani, atauliza za mifugo, za shamba, za mgonjwa wa jirani, na wagonjwa wakiwa wawili basi wote wawili. Mwezi uliopita Mzee Meshack aliingia humo akasalimu kwa sauti ya mtu mzima. Watu kumi na mmoja wakamjibu kwa vichwa. Alisimama akisubiri wamalizie, hawakumalizia, akatoka na kuja kwangu kuniuliza nani amefariki. Tulikuwa tumeshaanza kutafuta turubai la msiba ndipo mtu akatueleza kuwa mle ndani watu walikuwa wanasoma.

2. Kuhusu kuazimisha vitabu kwa siku kumi na nne. Hili linavunja ujirani. Jirani yangu Luka aliazima ngazi yangu mwaka ule upepo ulipoezua nyumba ya mchungaji. Mpaka leo hajairudisha, na sijamwambia airudishe. Ninachofanya ni kwenda kwake kila mwisho wa mwezi kuiulizia. Nikifika nakuta ugali wa uwele na mlenda, tunakula, tunazungumza hadi jua linapoa, naondoka bila ngazi. Mwezi mmoja nikiumwa, yeye huja kuniuliza mbona sijaenda kuidai. Sasa wewe unawafundisha watoto wetu kwamba kitu cha kuazima kina tarehe. Kitu kikirudi kwa tarehe, watu watatembeleana kwa sababu gani?

3. Kuhusu mkokoteni wa vitabu utakaozunguka vitongojini kila Jumamosi. Punda atakayeuvuta ni wa Abeli, nami namfahamu. Alikuwa punda mnyenyekevu wa kubeba maji. Tangu mlipomfanyia majaribio kwa kumbebesha vitabu, watu wamekuwa wakimpisha njia na watoto kumpungia mkono, na siku hizi ukimwonyesha dumu anageuza shingo. Ukimpa kazi hiyo hadi Septemba, wake zetu watabeba maji wenyewe, nawe utakuwa umewaongezea mzigo walewale unaodai kuwakomboa.

4. Sasa nakuja kwenye lenye uzito. Kisomo cha kina mama, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi jioni, kuanzia tarehe 6 Julai. Wamejiandikisha kumi na wanne. Nimewahesabu kwenye orodha ya mlangoni mara mbili.

Ndugu Mkutubi, kijiji kinahitaji msomaji mmoja, kama kinavyohitaji mashine moja ya kusaga. Hapa Chigongolo msomaji huyo ni mimi. Kwa miaka ishirini na miwili barua za kijiji hiki, zikitoka kwenye sanduku la kanisa, zimepita mikononi mwangu kabla ya kufika masikioni mwa wenyewe. Sijawahi kuomba hata yai. Nami nakuambia kama mtu mwenye ujuzi: kusoma si kutamka kila kilichoandikwa. Hiyo ni kazi ya kasuku. Barua ni kama mlenda wa porini, huupiki mpaka umechambua vijiti na majani mabaya.

Nitoe mfano. Miaka tisa iliyopita Anyesi, mke wa Abeli, aliletewa barua na kaka yake aliyeko Chemba. Kaka alikuwa amekasirika juu ya urithi wa mbuzi wa baba yao. Aliandika kurasa mbili, na matusi niliyoyaona mle sikuwahi kuyasikia hata mnadani. Nilivaa miwani, nikakohoa, nikamsomea Anyesi hivi: kaka anakusalimu sana, anakukumbuka, mvua kwao ni haba, wasalimie watoto. Anyesi alilia kwa furaha. Pasaka iliyopita kaka huyo alikuja mwenyewe, akapokelewa kwa vigelegele na kuchinjiwa kuku. Nilikuwepo. Yule bwana alikula akitazama mlango muda wote, lakini alikula, na sasa ni ndugu. Ningesoma kila neno, leo kungekuwa na kaburi Chemba na lingine hapa.

Barua hiyo Anyesi anayo bado, ameifunga kwenye kitambaa. Jina lake ni la pili kwenye orodha yako. Piga hesabu mwenyewe: kina mama kumi na wanne, kila mmoja na barua zake chini ya godoro, miaka ishirini na miwili ya amani niliyoitengeneza kwa koo langu. Ifikapo Septemba watakuwa wanaunganisha silabi. Ifikapo Oktoba mtendaji wa kata ataomba askari wa ziada. Nashauri wakazi wa Haneti nao wajulishwe mapema, kwa maana wengi wameoa huku na moto wa ndugu hauna mpaka.

5. Jina la tisa kwenye orodha ni Hana Ndahani. Huyo ni mke wangu.

Nilitaka barua hii iishie namba nne, lakini nimezoea kuruka mambo kwenye barua za watu, na hapa naona nikiruka hutanielewa. Tuna binti, Restuta, ndiye kitinda mimba. Miaka minne iliyopita aliolewa na kijana wa Mbeya, Anyitike, mwalimu, kanisani kwao hukohuko, kabla wazee wa huyo kijana hawajafika kukaa nasi. Nilisema mbele ya watu kuwa sitakanyaga kwake na hapa asinikanyagie. Simu ya nyumba hii ni moja nayo ni yangu. Namba yake niliizuia. Ndipo akaanza kumwandikia mama yake barua. Zimekuja saba.

Barua ya kwanza iliomba msamaha. Nilimsomea Hana: Restuta anawasalimu, ana kazi nyingi. Ya pili iliomba mama aende. Nilisoma: nyumba yao ni ndogo, msije kwanza. Ya tatu ilisema amejifungua mtoto wa kike na amempa jina la bibi yake, Hana, na alikuwa anaomba mama aende kumlea walau mwezi mmoja kwa sababu hana mtu. Nilisoma: mvua kwao ni nyingi, wasalimie majirani. Hana aliitikia "haya", akarudi kuchekecha unga.

Ana tabia moja. Kila barua huomba nimrudie mara ya pili, kesho yake, tukiwa tumekaa. Hujui tabu ya kusoma mara ya pili barua ambayo haipo, Bi. Batuli. Lazima ukumbuke jana ulisema mvua au ulisema jua. Nilianza kuandika pembeni kwa penseli nilichosema, ili nisijichanganye. Kwa hiyo zile barua saba zilizomo kwenye sanduku la bati chumbani zina maneno ya Restuta kwa wino na ya kwangu kwa penseli, na mtu yeyote anayejua kusoma ataona yote mawili kwa mara moja.

Niseme wazi: naogopa. Nina miaka sitini na nane na mwanamke huyu hajawahi kunipandishia sauti, ndiyo sababu sijui sauti yake ikipanda itafika wapi. Hasira yangu kwa Restuta iliisha zamani, nadhani mwaka wa pili, lakini wakati huo uongo ulikuwa umeshakuwa na barua nne, na sikuona pa kushukia.

Baada ya maelezo hayo, naomba ofisi yako ifanye mojawapo ya haya:

(a) Kisomo kiahirishwe hadi mavuno ya mwaka kesho, au ya mwaka unaofuata, au nitakapokuwa nimezikwa, lolote litakalotangulia.

(b) Kama haiwezekani, basi kina mama wafundishwe maandishi ya kupiga chapa tu. Hayo yanatosha kabisa. Watasoma Biblia, watasoma mfuko wa mbolea, watasoma majina ya wagombea. Mwandiko wa mkono uachwe kwa wenye uzoefu. Ukisoma chapa unapata elimu, lakini ukisoma mwandiko wa mkono unapata ugomvi.

(c) Kama na hilo haliwezekani, mke wangu awekwe karibu na dirisha, apate upepo na usingizi.

Nakuomba usilichukulie ombi hili kuwa ni la mtu mmoja mwenye shida zake. Ni kwa manufaa ya kata nzima.

Nisalimie mlinzi, watoto wote wa saa ya hadithi, yule dada anayepanga vitabu kwa rangi, na Abeli ukimwona, pamoja na punda wake. Mungu akupe afya na akupe usikivu.

Ni mimi mzee wako, nisiye na kinyongo na mtu,

Methusela Ndahani,
Karani mstaafu

Nyongeza: Nilipomaliza kusaini niliingia chumbani kutafuta bahasha. Sanduku la bati halikuwa limefungwa. Barua saba zimo, ila zimepangwa kwa tarehe, ambavyo mimi sikuzipanga, na kufungwa kwa kipande cha khanga. Juu yake pana karatasi ya daftari. Hana aliondoka alfajiri akisema anakwenda kwa Anyesi kupura uwele, nami nikaona ni vizuri, nitaandika kwa utulivu. Nimekwenda kwa Anyesi. Hakuna uwele. Kuna Anyesi, ambaye ameniambia mambo mawili bila hata kunikaribisha kiti. La kwanza, kisomo chenu kilianza tangu Juni mwaka jana, nyuma ya jengo, kila Hana alipokuwa ameniaga anakwenda kikundi cha kanisa. La pili, barua ya kaka yake alikwisha kuisoma kabla ya Pasaka, matusi yote, na yule kuku alimchinja akijua.

Nimepita tena mlangoni kwako na kulisoma tangazo upya. Juu kabisa ya kile kipindi cha kina mama umeandika: Awamu ya Pili, kwa waliokwisha kumaliza ya kwanza. Mstari huo niliuruka.

Karatasi ya mke wangu nakunakilia kama ilivyo, bila kupunguza: METHUSELA. NIMESOMA ZOTE SABA NA PENSELI YAKO. NAKWENDA MBEYA KWA MJUKUU WANGU. MBOGA IKO JIKONI. UKITAKA KUJA ANDIKA KWANZA. ANDIKA WEWE. HANA.

Ameandika kwa mkono. Mwandiko ni mkubwa na umenyooka kuliko wangu.

Kwa hiyo malalamiko yangu yote nayafuta. Nimekaa na karatasi safi tangu saa nane, na sasa jua linazama. Barua za watu nimeziandika nyingi sana kijijini hapa, lakini nimeandika "Mwanangu Restuta" mara sita na kila mara kalamu imeishia hapo. Nakuomba, kama bado kuna nafasi ya kumi na tano kwenye darasa la Jumatatu, uniandikie jina langu.