Njia ya Msalaba Nyumbani Kwetu, Crescent Town

Jumapili, 3 Aprili 2011

Aibu! Ijumaa jumuiya yetu ya Wakatoliki Waswahili hapa ughaibuni ilisali Njia ya Msalaba, vituo vyote kumi na vinne, kwa Urbanus, kule Malvern, mtaa mwingine wa jiji hili. Urbanus ni mwenyekiti wetu, na anapenda ijulikane. Mwanawe Rogers, miaka tisa, aliongoza kituo cha tatu kwa Kiswahili bila kitabu. Kina mama wakatikisa vichwa kwa furaha. Kisha Urbanus akampa binti yangu Gift kitabu asome kituo cha nne. Gift akakirudisha. Akasema kwa Kiingereza, kwa adabu zote, kwamba yeye siku hizi haombi.

Haombi! Miaka kumi na miwili, jina lake Gift, na haombi.

Kwenye maegesho Urbanus alinishika bega, akaniambia imani huanzia nyumbani. Nikamshukuru. Moyoni niliomba theluji irudi, ianguke juu ya gari lake peke yake.

Ijumaa ijayo ni zamu yetu. Lazima mtoto awe amerudi kwa Mungu kabla wageni hawajavua viatu. Na si aibu tu. Nikimwona mezani amekunja mikono wakati sisi tunabariki chakula, naogopa. Imani hiyo alipewa na mama yangu. Isije ikapotelea mikononi mwangu.

Jumatatu, 4 Aprili

Mpango wa kwanza: chupa ya maharage. Tendo jema moja, punje moja. Familia nzima ishiriki.

Erick, mdogo wake, alijaza nusu chupa kabla ya kwenda shule. Nikamuuliza ametenda mema gani. Akasema hajampiga mtu. Gift aliosha vyombo, akamfunga Erick kamba za viatu, akampelekea mama yake chai, wala hakuigusa chupa. Nikamkumbusha. Akaniuliza kwani Mungu haoni bila maharage?

Jioni Philomena, mke wangu, alirudi amechoka kutoka duka la dawa anakofanya kazi, akakuta maharage, akayapika. Tumekula mema yote ya Erick kwa nazi.

Philomena anasema mtoto hahitaji michezo, anahitaji nikae naye tuzungumze habari za Bibi. Nimemwambia hayo yalishapita.

Jumatano, 6 Aprili

Habari za Bibi niziandike mwenyewe, Philomena asije akazisimulia vibaya.

Mama yangu aliishi Bukoba. Kila Jumapili nilinunua kadi ya simu, na Gift akasali naye tendo moja la rozari, mmoja huku na mwingine kule. Januari mama akaugua, na haikuchukua muda akafariki. Gift alikuwa na mitihani. Kwetu mtoto hamwagiwi msiba kama maji ya ndoo. Huandaliwa. Kwa hiyo nikamwambia Bibi bado mgonjwa, na simu za Bukoba zinasumbua. Gift akasema basi tumwombee apone. Tukapiga magoti kila jioni. Ningefanya nini? Nimkatize mtoto anayesali?

Na ningemwambia vizuri kabisa, kwa wakati wake, kama si Urbanus! Kwenye maombi ya jumuiya akamwombea kwa sauti kuu marehemu mama yake Josaphat, yaani mama yangu mimi, aliyezikwa majuma mawili yaliyopita. Gift alikaa kando yangu. Aliyeharibu ni Urbanus.

Mimi mwenyewe sikwenda kumzika mama. Ruhusa ya kazi haikupatikana. Habari zilinikuta ofisini, nikajifungia chooni nikalia huku bomba linamwaga maji. Mpaka leo inauma. Ndiyo maana sipendi kuyazungumza.

Basi. Maharage yameshindwa. Mtoto wa siku hizi anataka kitu cha kushika. Nitatengeneza msalaba.

Alhamisi, 7 Aprili

Msalaba umekamilika! Mbao za kitanda cha zamani, misumari mirefu. Niliugongelea nje, nyuma ya jengo. Haukuingia kwenye lifti. Nilijaribu kuulaza, nikajaribu kuusimamisha, mlango wa lifti ukanibana bega.

Nikashika ngazi. Jirani yetu Nurudin, Mwislamu wa Tanga, alikuwa anatoka kazini. Bila kuuliza neno akashika upande wa chini. Nikamwambia leo yeye ni Simoni Mkirene, aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba. Akasema yeye ni Nurudin tu, na mimi nikaze mikono.

Gift akafungua mlango. Akatuona tunavyohema, msalaba umekwama kati yetu. Akacheka! Kicheko chenyewe, cha zamani. Nilikuwa sijakisikia tangu Januari.

Papo hapo nikamwambia kesho ataubeba yeye, na ataongoza kituo cha nne, Yesu anapokutana na Mama yake. Kicheko kikakatika. Nurudin akanitazama kwa huruma, akakataa chai, akaenda zake. Nikamwahidi Gift simu ya mkononi. Akaniuliza kama simu hiyo itashika Bukoba.

Lakini baadaye akaja mwenyewe, akasema kituo cha nne ataongoza. Nimeshinda! Urbanus atakoma.

Ijumaa, 8 Aprili

Wageni wameondoka sasa hivi.

Vituo nilivibandika nyumba nzima. Cha kwanza mlangoni, cha pili jikoni, Yesu anaanguka mara ya kwanza karibu na bafu. Jumuiya yote ilifika, viatu vikajaa ukumbini. Erick alikuwa askari wa Kirumi, sufuria kichwani. Gift alitoka jikoni na msalaba, ukagonga taa, Urbanus akakohoa.

Kituo cha nne kilikuwa mlango wa chumba cha watoto. Watu wakapiga magoti. Gift hakufungua kitabu. Akanigeukia mimi. Akaniuliza, kwa Kiswahili, mbele ya wote: siku zile alipokuwa akimwombea Bibi apone, mimi nilijua Bibi ameshazikwa. Mbona nilikuwa naitikia Amina?

Kiswahili safi! Hakukosea hata neno. Rogers haoni ndani. Hilo ndilo lililonijia kwanza, Mungu anisamehe.

Hata Urbanus alitazama zulia. Philomena akainuka akamkumbatia mtoto. Erick akauliza kama tumefika mwisho. Nami, badala ya kujibu, nikatangaza kituo cha tano. Tukamaliza vyote. Sambusa za dengu zililiwa bila maongezi.

Jumamosi, 9 Aprili

Asubuhi nilimkuta Gift jikoni na uji wake. Sikuwa na mpango. Nilikuwa nimeutafuta, haukuja. Nikakaa tu.

Nikamwambia niliitikia Amina kwa sababu na mimi nilitaka apone, hata nilipojua amekwisha kuzikwa. Machozi yakanitoka, mtu mzima mbele ya bakuli la uji. Naye akalia. Akasema tangu siku ile, akifumba macho kusali, anahisi mimi na Mungu tunajua jambo ambalo hatumwambii.

Hilo limenichoma. Nimemwomba msamaha. Nimemwahidi kwamba msiba sitamficha tena, kamwe. Akaenda kuchukua rozari yake. Tukasali tendo moja kwa ajili ya Bibi, marehemu Paskazia, kwa jina lake. Gift aliongoza. Mimi na Philomena tukaitikia, na Erick akaitikia kutoka chini ya meza.

Mtoto wangu anasali. Sina furaha kubwa kuliko hii.

Jumapili, 10 Aprili

Simu kutoka Bukoba, kabla ya misa. Baba yangu amelazwa tangu jana. Hatambui watu. Daktari hatoi matumaini.

Gift akaja kuuliza ni nani aliyepiga, kama ni Babu. Nikasema ni watu wa kampuni ya simu.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Niliahidi kutoficha msiba. Babu hajafa. Kwa hiyo huu si msiba, na ahadi yangu haijaguswa. Imani ya mtoto imerudi jana tu, bado laini, haifai kutikiswa kabla ya Pasaka. Ataendelea kumwombea Babu kama mtu mzima wa afya, na Mungu atajua namna ya kuyarekebisha maombi hayo. Philomena naye nitamwambia akipumzika.

Lakini asiseme mtu kwamba sijifunzi. Kosa la Januari silirudii. Nimempigia Urbanus mapema, kabla hajatoka kwake, nikamwomba kwa heshima zote asithubutu kumtaja Babu kwenye maombi.