Mbuzi Watatu wa Kambi ya Mtoni

Mjanja wa hadithi hii anaitwa Muthama, wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, na kwa bahati mbaya ni mimi. Nitamsimulia kama mtu mwingine, maana mtu mwingine unaweza kumcheka bila kutafuta pa kujificha.

Muthama alikuwa na shida moja: mbuzi watatu. Mzee Mbaluka wa Njiru, babake Kavutha, alikuwa amesema wazi kwamba kwa desturi ya Wakamba msichana haitwi mke wa mtu kabla mbuzi wa ntheo hawajaingia uani kwa babake, watatu, wazima. Kwa miaka miwili Muthama alimpelekea maneno badala ya mbuzi. Sasa mzee alikuwa ameweka siku: Jumapili baada ya Krismasi, la sivyo Kavutha aolewe na karani mmoja wa Machakos. Na Muthama alimpenda Kavutha. Hilo peke yake halikuwa uongo.

Mwenye shida ya mbuzi huenda Kiamaiko. Huko sokoni alimkuta Hibaq, mfanyabiashara wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Anisa, akilalamika kwamba wanawe wamezaliwa Nairobi na hawajawahi kuona mto wa maana. Muthama akasogea kando, akachakura mtandaoni, na baada ya dakika tano akarudi akiwa mkurugenzi wa kampuni ya utalii.

"Mambo, Mama Anisa. Cheki hii place. Ni park ya jangwani huko kaskazini, lakini mto uko hapo tu chini. Mnalala kwa tenti, mnaamka mnaona twiga. Gari, tenti, kila kitu kiko ndani. Familia nzima, mbuzi watatu tu!"

Hibaq aliitazama picha: mto wa kahawia, mchanga, mikoche, mmoja umepinda karibu uguse maji. Akaikuza kwa vidole viwili.

"Wewe umewahi kufika hapa?"

"Mimi? Mamba wa huko wananijua kwa jina."

"Sawa. Lakini hawa mbuzi wa hapa wana wenyewe. Wangu wako huko huko. Tukifika utachagua watatu, wanono, walahi."

Mpango wa Muthama ulikuwa kupokea mbuzi na kuzima simu. Kusafiri kweli kulikuwa kinyume cha dini yake. Lakini aliwaza mbuzi wanono wa kaskazini, akawaza Kavutha, tamaa ikamshika mkono.

Akaazima gari la jirani yake Patrobas la kusambaza mikate, akatia mabenchi nyuma. Tenti akaziazima kwa kikundi cha mazishi cha mtaani: turubai mbili za kijani zisizo na kuta, pamoja na viti hamsini, kwa sababu huwa havitengani. Maandishi ya TUKO NANYI WAKATI WA MAJONZI akayageuzia ndani.

Wateja walikuwa wanane: Hibaq, wanawe watano na dada zake wawili. Hibaq alikaa mbele, na kila njia panda Muthama alipojifanya anafikiri, alimwonyesha njia kwa kidole. Mwongozaji aliongozwa na mteja saa saba nzima, na hakushtuka. Huyo ndiye mjanja tuliyenaye.

Alasiri wakafika kwenye kambi ya wenyeji kando ya mto, mpakani mwa hifadhi. Mkoche uliopinda ulikuwepo kweli, na hakuna aliyeshangaa kuliko mkurugenzi. Akasimamisha turubai, akapanga viti safu safu. Askari wa wanyamapori akapita, akavua kofia.

"Poleni sana. Nani ametutoka?"

"Bado," Hibaq akajibu. "Tunamsubiri."

Kisha akaja bibi mmoja, akikata mchanga mbio, na Hibaq akamkimbilia. Wakakumbatiana wakilia kwa sauti. Muthama akadhani ndivyo kambi hiyo inavyopokea wageni, akajipongeza kwa kuchagua vizuri.

Wakampeleka zizini. "Haya, chagua," Hibaq akamwambia. Alipapasa migongo, akapima mapaja, akanyoosha kidole mara tatu. Kisha akashuka mtoni kuoga, akiimba. Aliporudi, mbuzi wawili walikuwa jikoni na wa tatu anachunwa.

"Mama Anisa! Mbuzi wangu!"

"Wako kabisa. Kwetu mgeni akipelekwa zizini, anachagua atakachokula. Wengine huonyesha mmoja. Wewe umeonyesha watatu bila haya, lakini mama hajakasirika."

"Si tulikubaliana watatu ni wangu?"

"Tulikubaliana utachagua. Nani alisema watapanda gari la mikate?" Akapunguza sauti. "Kijana, nimezaliwa nyuma ya huo mti. Miaka tisa sijamwona mama yangu, na nauli ya watu wanane si mchezo. Uliponionyesha kwetu ukisema ni kambi yako, nilitaka kukuchapa na kiatu. Halafu nikafikiria: huyu atatafuta gari."

Bibi alimwekea sahani kwa mkono wake, akamchagulia maini, akamwombea dua ndefu kwa kumrudishia bintiye. Nyama ilikuwa laini. Nilikula nikilia, na niliongezwa mara mbili.

Jumapili, Njiru, Mzee Mbaluka alikuwa amewakalisha wazee sita uani. Kavutha alivaa kitenge kipya. Muthama alikuwa ametunga uongo mzuri njiani, lakini alipokiona kile kitenge akauacha.

"Mbuzi wako wapi?"

"Nimewala, mzee."

"Wote?"

"Na familia moja ya Kiamaiko. Kando ya mto, jangwani, chini ya turubai ya matanga."

Mzee aliwageukia wenzake kwa huzuni. "Miaka miwili kijana huyu amenidanganya, na tuseme ukweli, amenidanganya vizuri. Ile ya daktari wa mifugo nilimsimulia hadi pasta. Leo hata hajajaribu!"

Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa. Kavutha hakucheka. Alimsindikiza hadi langoni.

"Ni ukweli, Muthama?"

"Ni ukweli."

"Nimeamini," akasema, macho yakimlengalenga. "Ulipokuwa unanidanganya, nilijiambia labda mbuzi wapo mahali. Sasa najua walikuwepo, ukawala."

Akafunga lango. Nilibaki upande wa nje, mimi mwenyewe, si mtu mwingine.