Habari za Norbert Zielke na Gari Lililozimika Kila Liliposimama

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kusukuma gari mbele ya macho ya watu, nanyi ambao zamu yenu bado haijafika; tegeni masikio, kwani habari ni nzito na msimulizi hana haraka. Nawasimulia vita vya Muskegon, katika jimbo la Michigan, vilivyopiganwa Jumamosi moja ya Julai ndani ya gereji yenye nafasi ya gari moja na mashine ya kukatia majani, ambamo Norbert Zielke, muuza mazulia, mwana wa Herman muuza mazulia, shujaa wa tumbo pana na jozi mbili za miwani, aliingia na kompyuta mpakato akatoka mshindi. Norbert huyo ni mimi. Sikupata mwingine wa kuniandikia sifa, ikabidi nizishike mwenyewe.

Jueni kwanza chanzo cha vita. Tulikuwa na gari jekundu la viti viwili na paa la turubai, tulilolinunua mimi na mke wangu Corinne mwaka ambao mtoto wetu wa mwisho alihama nyumbani. Kila Jumapili ya kiangazi tulifungua paa tukaenda ziwani kula samaki wa kukaanga. Ulikuwa ufalme mdogo usio na tatizo. Ndipo mfalme, kwa upumbavu waliojaliwa wafalme, akasoma mtandaoni kwamba nozeli za petroli za injini ile ni ndogo mno, na mwanamume kamili hufunga kubwa. Nikaagiza kubwa. Nikazifunga mwezi wa Aprili kwa mikono yangu hii, huku naimba.

Tangu siku hiyo gari likakosa silensa, ule mngurumo wa injini gari likiwa limesimama. Kukimbia lilikimbia, lakini nikiondoa mguu kwenye mafuta ili lisimame na kuunguruma polepole kama magari ya watu, lilikohoa, likatetemeka, likazimika. Siku ya mahafali ya mpwa wa Corinne lilizimika mara saba. Mara ya saba ilikuwa katikati ya njia panda, nyuma yetu foleni ya magari yanayovuta mashua, na kila honi ilikuwa kama inataja jina langu. Corinne alishuka na viatu vyake vya kanisani, akasukuma. Tulipofika akavifuta vumbi kwanza.

"Norbert," akasema, "mimi gari hili sipandi tena. Sijakasirika. Nimechoka tu."

Enyi wasikilizaji, angekasirika ningejitetea. Kwa miezi miwili nilikwenda ziwani peke yangu, nikaagiza samaki wa mtu mmoja, na mhudumu akawa ananiuliza kwa sauti ya chini kama mama hajambo.

Basi Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, nikajifunga kibwebwe. Nilikuwa na waya wa kuunganisha kompyuta yangu na kompyuta ya injini, ile inayokaa kimya chini ya dashibodi na kuamua petroli kiasi gani iingie na lini. Nilikuwa na programu ya kuisoma na kuibadilisha. Betri ya gari nikaiwekea chaja, maana waliotangulia walionya kwamba umeme ukikatika katikati ya kuandika, kompyuta ile hugeuka tofali, haiwaki tena. Kisha nikalala chali, kichwa chini ya usukani na miguu nje ya mlango, tochi mdomoni, nikilitafuta tundu la waya kwa dakika ishirini na tano, mithili ya jemadari anayelitafuta lango la mji na kumbe ameliegemea.

Katika hali hiyo akanikuta shemeji yangu Duane, kaka wa Corinne, dereva mstaafu wa gari la kuvuta magari mabovu. Alikuja na kiti cha kukunja na boksi la donati.

"Shemeji, uko hai?"

Nikaitoa tochi mdomoni. "Duane," nikanena, "leo hii mimi Norbert nitaingia katika ubongo wa mashine hii na kuutiisha, na vizazi vitakavyokuja vitasema kwamba..."

"Futa mate kwanza. Halafu tundu liko kulia kwako."

Lilikuwa kulia kwangu. Nikachomeka, kioo cha kompyuta yangu kikafurika namba. Hapo nilitenda jambo moja la busara, na naomba lihifadhiwe vizuri maana siku hiyo halikupata ndugu: kabla ya kugusa chochote nilitunza nakala ya namba za asili kwenye flashi, nikaitia flashi mfukoni mwa shati, nikafunga kifungo.

Baada ya hapo busara iliisha. Mbele yangu lilitandazwa jedwali la petroli, vyumba mia mbili hamsini na sita, jeshi lililopangwa safu kwa safu, wala sikujua hata askari mmoja alikuwa na kazi gani. Nikawavamia wote. Huku nikapunguza, kule nikaongeza, kwingine nikafuata rangi iliyonipendeza.

"Unajua unachofanya?" Duane akauliza akitafuna.

"Vita havina nafasi ya maswali."

"Haya, hujui."

Nikaandika, nikawasha. Injini ikalia kama ng'ombe aliyemeza kengele, na moshi mweusi ukatoka kwenye ekzosi ukaenda moja kwa moja alikoketi shemeji. Donati nne ziliangamia.

"Zilikuwa za sukari," akasema akizitazama. "Sasa za chokoleti."

Nikafungua kifungo cha shati, nikarudisha namba za asili. Ndipo Corinne akatokea mlangoni. Corinne ni mfamasia. Kazi yake ni kupima dozi za watu siku nzima.

"Nani anaungua?"

"Hakuna. Tunasonga mbele."

"Anarudi nyuma," Duane akasema.

Akaja akainama mbele ya kioo. "Nieleze. Taratibu, bila hotuba."

Nikaeleza: nozeli za zamani zilimwaga sentimita za ujazo mia mbili na arobaini kwa dakika, hizi mpya mia nne na arobaini.

"Na hiyo kompyuta inajua kwamba umezibadilisha?"

Nikavua miwani, nikavaa ile nyingine. Hata Duane aliacha kutafuna.

"Nikimpa mgonjwa kijiko kikubwa badala ya kidogo," Corinne akaendelea, "bila kumwambia, naye akanywa vijiko vilevile vitano, itakuwaje?"

"Atalewa dawa," akasema Duane.

"Basi gari lenu limelewa petroli. Hakuna mahali pa kuandika ukubwa wa kijiko?"

Palikuwapo. Ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu. Nilikuwa nimepita hapo mara kumi na moja nikielekea vitani. Nikafuta 240, nikaandika 440. Corinne akaenda kutoa nguo kwenye mashine kabla sijawasha, nami sikumlaumu.

Nikawasha. Injini ikatulia, ila chini mno, ikitetemeka. Hapo, bila msaada wa mtu, na hili naapa, nikatafuta namba ya silensa mwenyewe, nikaipandisha kutoka mizunguko mia saba na hamsini kwa dakika hadi mia tisa. Tetemeko likakoma. Tukasubiri dakika kumi, injini ikapata moto, feni ikazunguka, na gari likaendelea kuunguruma.

"Mimi ningekushauri uliuze," Duane akasema, akafunga boksi lake.

Nilimkuta Corinne akikunja mashuka. Hotuba niliyokuwa nimeiandaa ikanikimbia yote. "Twende tukale samaki," nikasema.

Akaweka shuka la mwisho juu ya mengine. "Ngoja nibadilishe viatu."

Alirudi amevaa raba.

Katika barabara ya ziwani taa nyekundu ilitukamata. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikabana pumzi, macho yangu kwenye mshale wa mizunguko ya injini, mkono wake kwenye kitasa cha mlango. Nusu dakika. Dakika. Niliogopa kumtazama. Nilipogeuka, mkono ulikuwa mapajani na kichwa kimeegemea dirishani. Jua lilikuwa kali, na wiki nzima alikuwa amefanya zamu ndefu. Corinne alikuwa amelala. Taa ikawa ya kijani, wala sikuondoka mpaka wa nyuma yangu akapiga honi.

Basi na iandikwe mahali pasipofutika: saa nane na dakika kumi mchana, injini ya Norbert Zielke iliunguruma sekunde tisini na mbili mbele ya taa nyekundu, mizunguko mia tisa, haikupungua wala kukohoa. Mashahidi walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa akikoroma.