Treni Niliyomwahidi Kandida

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Siku ya kumi na saba ya ndoa. Kandida bado mzuri. Asubuhi nilimtazama akichambua mchele, nikajisahau, nikaenda kazini na soksi mguu mmoja tu. Mapenzi haya!

Ila kuna doa. Jana baba mkwe, Mzee Ndesanjo, alikuja hapa kwetu Daraja Mbili kwa mara ya kwanza. Akakaa. Akaulizia maji hutoka siku gani. Kandida akamletea chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati alizoamkia alfajiri. Hakugusa. Alisema hanywi chai kwa mtu aliyesema uongo mbele ya watu mia tatu.

Mtu huyo ni mimi.

Ni ile hotuba ya harusini. Nilishukuru wazazi. Nilishukuru kwaya. Hapo ningekaa. Sikukaa! Nilimwona Kandida ndani ya lile shela, kipaza sauti kikanipanda kichwani, nikatangaza kwamba fungate yetu itakuwa ya treni, Moshi mpaka Arusha, tumekaa dirishani tumeshikana mikono. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mzee Ndesanjo peke yake hakupiga makofi. Ameendesha treni kwenye njia hiyo miaka ishirini na sita. Anajua kwamba treni ya abiria haiji tena Arusha. Mimi sikujua. Mimi napanda basi.

Sasa ametoa hukumu: siku nitakayompandisha binti yake treni, ndiyo siku atakayokunywa chai kwangu. Kandida alilia akiosha kikombe ambacho hakikuchafuka.

Na Mzee amefikia Themi kwa Reginald, mume wa Evelyn, dada yake Kandida. Yuko huko mwezi mzima anatibiwa goti. Kwa Reginald anakunywa vikombe viwili. Nimejuaje? Reginald amenipigia simu kunijulisha.

Jumanne, 5 Agosti

Nilipitia stesheni. Nyasi. Mbuzi wawili kwenye jukwaa la abiria. Nikamuuliza mlinzi treni inakuja lini. Akaniuliza ipi. Alisema siku mojamoja hupita behewa la mbolea. Nikauliza kama mke wangu anaweza kukaa juu ya mbolea, kwa heshima zote. Akasema hapana, hata kwa heshima zote.

Nikamchumia Kandida ua la zambarau kando ya reli. Kumbe la ndulele, lina miiba. Ameliweka kwenye glasi hivyohivyo. Nimeoa malaika.

Jumatano, 6 Agosti

NIMEPATA!

Rafiki yangu Omari, fundi wa kompyuta, alitupa zawadi ya harusi kompyuta iliyotumika. Leo amekuja kuitazama. Aliikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake maua ya plastiki. Iliumiza roho yake. Akafunua, akawasha, akatuonyesha mchezo uliokuwa ndani yake: unaendesha treni kwenye milima ya Ulaya, breki, honi, kila kitu. Halafu akasema, kama jambo dogo tu, kwamba ukitaka unaweza kujenga njia yako mwenyewe. Unalaza reli. Unainua milima. Unapanda miti.

Nikasimama. Harusini nilisema treni. Sikusema ya chuma!

Kandida akasema, mume wangu, hiyo ni televisheni. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema yeye amekulia kwenye nyumba za reli pale Usa, kila kona ya njia ile anaikumbuka, atanielekeza. Nimembeba na kumzungusha sebuleni. Glasi ya ndulele imevunjika.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamekwenda kwenye maonyesho kutazama ng'ombe. Sisi tunajenga reli, bega kwa bega. Nani mwenye sikukuu nzuri kuliko hii?

Tatizo. Reli za kwenye mchezo ni pana, za kizungu. Zetu ni nyembamba. Kandida alisema baba yake atagundua kabla hajakaa. Nyembamba kiasi gani? Hakuna aliyejua. Basi nikachukua futi ya Kandida ya kushonea, nikaenda penye makutano ya reli na barabara, nikapiga magoti, nikapima.

Mgambo alinikamata nikiwa nasoma namba. Alisema watu wa vyuma chakavu siku hizi tumekosa haya, tunakuja na futi kabisa. Nikamweleza kwamba sitaki kuing'oa, naipima tu ili nikajenge nyingine sebuleni. Haikusaidia.

Kandida alikuja kunitoa. Alileta cheti cha ndoa, kwa sababu ndiyo karatasi pekee tuliyo nayo yenye muhuri. Mgambo akakisoma mbele na nyuma. Akamuuliza Kandida kama alilazimishwa. Mke wangu akasema hapana. Akampa pole, akaniachia.

Jibu: mita moja kamili. Omari anasema alikuwa anajua, sikumuuliza tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Omari ameleta reli nyembamba kutoka kwenye intaneti, zimejaa disketi tisa. Ya saba ilikataa. Akaipuliza, ikakubali.

Mlima Meru nimeuinua mwenyewe. Mkono uliteleza, mlima ukaifunika Tengeru yote. Nikaushusha. Theluji imekataa kutoka. Migomba haimo kwenye mchezo, kuna misonobari tu. Ng'ombe wamo, wakubwa, wana kengele shingoni. Kandida aliuliza kama wametoka Nane Nane.

Lakini fahari yangu ni stesheni. Kati ya Moshi na Rundugai nimejenga tatu: Kandida, Kandida Kati na Kandida Mtoni. Mke wangu alisema pale hakuna stesheni, pana mashamba ya mahindi. Nikamwambia moyoni mwangu zipo zote tatu. Alinipiga begani na mwiko, taratibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Reginald kaja. Eti alikuwa anapita. Nani anapita Daraja Mbili akitoka Themi kwenda Themi? Alichungulia kioo cha kompyuta, akasema, "Kwa hiyo shemeji, fungate mnaifanyia humu humu ndani ya sanduku?" Akakumbusha kwamba yeye alimpandisha Evelyn ndege kwenda Zanzibar. Akatuonyesha na picha. Anatembea nayo!

Damu ilichemka. Nikamwambia reli imekamilika, Moshi mpaka Arusha, Baba aje Jumapili baada ya misa aendeshe mwenyewe.

Reginald alipoondoka, Kandida alinionyesha kioo kwa mwiko. Reli haijakamilika. Inaishia hatua chache mbele ya Usa. Baada ya hapo kuna majani ya kijani, na baada ya majani hakuna kitu kabisa, bluu tupu. Zimebaki kilomita ishirini na kitu. Siku mbili zinatosha, kama nikikazana.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo nilikuwa nimalizie. Lakini nilipata wazo zuri: jukwaani Arusha niwaweke watu wa kutupokea. Wale wale mia tatu wa harusini! Niliwapanga mmoja mmoja, wanawake mbele. Kompyuta ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikawapanga tena. Ikaganda mara nne. Nilipowapunguza mpaka kumi na wawili jua lilikuwa limezama, na reli bado iko Usa.

Kandida aliuliza, kwa upole, hao kumi na wawili wanasubiri nini mahali pasipo na reli.

Nina mbinu. Nitakaa karibu na Mzee. Treni ikifika Usa nitajikwaa kwenye waya. Kompyuta itazimika, nitalaumu umeme. Kila mtu mjini hapa ataniamini.

Jumapili, 17 Agosti

Naandika upesi, nisisahau hata neno.

Mzee aliletwa na Reginald kwa gari. Amevaa kofia yake ya zamani ya kazini na saa ya mfukoni. Nilimwamkia shikamoo Baba, akaitikia marahaba akiangalia kioo. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Akasema, "Mita moja." Akakaa! Kandida akanifinya.

Omari akamwonyesha vitufe: huu mwendo, hii breki, hii honi. Akaelewa upesi kuliko mimi. Kisha akaweka mikono magotini, akatulia. Dakika moja. Dakika tano. Nikamnong'oneza Baba, bonyeza hapo. Akasema haondoki bila laini klia.

Ni karatasi. Stesheni masta humwandikia dereva kuthibitisha kwamba njia ya mbele iko wazi. Bila hiyo treni haitikisiki, hata akipanda askofu. Nikasema ngoja nikuandikie, Baba. Akasema mimi si stesheni masta, mimi ni msemaji wa harusini. Reginald alicheka kwa sauti.

Ndipo Kandida wangu aliponyanyuka. Akachana ukurasa wa shajara hii hii (ndiyo maana Ijumaa ya juzi haimo), akaandika namba ya treni, saa na njia, Moshi mpaka Usa, akaweka sahihi, akampa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akiona utotoni. Mzee aliisoma yote. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Akapiga honi.

Kandida akakaa kiti cha nyuma, cha abiria. Nikavuta changu kando yake. Mzee, bila kugeuka, akauliza tiketi. Nikasema sina. Akasema binti wa dereva husafiri bure, mkwe wa dereva hukata tiketi, na treni imeshapiga honi. Nishuke. Reginald naye akaulizwa. Naye hana! Tukasimama wawili kwenye mlango wa jikoni, kama wasindikizaji. Treni ikaondoka. Nilipunga mkono. Kandida akanipungia. Hata Reginald akapunga, kwa mazoea tu.

Kwenye stesheni ya Kandida, Mzee alifunga breki. Akauliza hii imetoka wapi. Kandida akasema, macho chini, kwamba ni mpya. Mzee akasimama pale muda wote unaotakiwa, ingawa hakupanda mtu. Akasimama Kandida Kati. Akasimama Kandida Mtoni. Hapo akasema, kama anajisemea, kwamba aliyejenga njia hii anampenda mtu. Nililia. Nilisingizia vitunguu. Havikuwepo vitunguu.

Usa! Treni ikasimama taratibu, hata kikombe mezani hakingetikisika. Nikakumbuka waya. Waya uko upande wa abiria, na mimi sina tiketi!

Mzee akatazama saa yake, akasema, "Dakika kumi." Kisha akanyoosha mkono pembeni, kiganja juu, bila kuangalia. Mimi sikuelewa. Kandida alielewa. Enzi zote Usa ndipo baba yake alipokunywa chai, mama yake akimpelekea dirishani. Alipita mbio mlangoni, akarudi na kikombe. Mzee akanywa. Akanywa yote! Niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu ya vyombo. Reginald alianza kutafuta funguo za gari.

Kisha Mzee akaomba laini klia ya kwenda Arusha.

Kandida alishika kalamu. Akanitazama. Nilimkonyeza: andika tu! Akaiweka kalamu chini. Akasema, "Njia haiko wazi, Baba. Reli imeisha hapo mbele."

Nilifumba macho. Lakini Mzee hakufoka. Alisimama, akanyoosha kofia, akamwambia amefanya kazi nzuri, stesheni masta asiyesema uongo ameokoa watu wengi, na kwamba katika nyumba hii ni vizuri awepo japo mmoja. Treni ilale Usa. Atarudi Jumapili.

Nikamsindikiza mpaka kwenye gari. Nikasema, Baba, nashukuru kwa kuwa umekunywa chai kwangu. Akafunga mlango, akashusha kioo. Akasema:

"Chai nimekunywa Usa. Kwako sijanywa bado."

Jumatatu, 18 Agosti

Kandida anasema nilaze reli tu. Reli tu, Eliya, anasema, mpaka Arusha, usiguse kitu kingine. Omari anasema ni kazi ya siku mbili na mimi nina sita. Wananitakia mema. Lakini hawana jicho la mbali.

Nimewaza tangu asubuhi. Mzee ananywa chai Usa. Hakatai kunywa Usa. Kwa nini basi nihangaike kuipeleka treni nyumbani, wakati naweza kuipeleka nyumba kwenye treni?

Nimeshaijenga. Ghorofa moja, paa jekundu, baraza la juu linalotazama Mlima Meru na theluji yake. Iko palepale inaposimama injini. Kibao kikubwa: ELIYA NA KANDIDA. Jumapili akinywa chai pale, amekunywa kwetu, apende asipende! Nilipomwonyesha Kandida alijifunika khanga usoni, akabaki hivyo. Furaha, nadhani. Mwanamke gani asiyetaka ghorofa?

Kisha Reginald akapiga simu. Aliuliza, kwa kejeli, reli imefika wapi. Nami sikuweza kujizuia. Nikamwambia hayo ya reli ni madogo, sisi tumejenga Usa. Ghorofa. Ina baraza. Kejeli ikamwisha, ah, utamu! Akauliza kama ni kweli. Nikasema aulize mtu yeyote, jina letu liko mlangoni.

Amepiga tena sasa hivi. Amemweleza Mzee, na Mzee amefurahi sana. Jumapili hawaji Daraja Mbili. Wanakwenda Usa moja kwa moja, magari mawili, na Evelyn, mama mkwe kutoka Moshi, shangazi watatu na mbuzi wa kuzindulia nyumba. Anauliza tutawapokea wapi.

Nimemwambia wateremke stesheni, wataiona tu.

Nimerudi kwenye kompyuta. Naongeza geti.