Ombi la Kufunga Mkahawa wa Tambi Baridi

Albertville, Agosti 1963

Kwa Bwana Burgomesta, mkuu wa mji wetu, kwa heshima yote niliyo nayo,

Mimi ni Lambert, mbeba mizigo wa bandarini, mtu wa Ankoro. Naomba ufunge mkahawa wa Bwana Pak, Mkorea aliyekuja kuwapikia wageni wa meli. Wageni wakaondoka, yeye akabaki na sufuria zake. Anauza tambi za nafaka ya kwao, si ngano wala mtama, na mji mzima umepanga mstari mlangoni.

1. Chakula ni baridi. Hakikupoa: ni baridi kwa makusudi, na barafu inaelea ndani. Kwetu mke akikupa chakula baridi, unajua umekosa, unatafuta shangazi wa kukuombea msamaha. Hapa watu wanapanga mstari ili wakasirikiwe.

2. Tambi ni ndefu kuliko subira. Mlaji huinua kichwa kama kuku anayekunywa maji, na mwisho wa tambi bado uko bakulini. Ndipo Bwana Pak anakuja na mkasi. Leo anakata tambi, kesho atatukata nini?

3. Hili ndilo linaloniuma. Kambini kwa wabeba mizigo tulikuwa watatu, mimi, Augustin na Kalenga: sinia moja, bugali moja, samaki wadogo wa ndakala katikati. Kwa mtu aliye mbali na kwao, sinia hiyo ndiyo ukoo. Kwa Bwana Pak kila mtu ana bakuli lake, na kwetu anayekula peke yake huitwa mchawi. Jumapili nilipika, nikangoja. Kalenga akapita na shati la kanisani akielekea kwa Bwana Pak, akasema, "Papa Lambert, baki na mlima wako wa bugali." Niliula peke yangu. Basi na mimi ni mchawi, na kosa ni la Mkorea.

4. Wasiokula pamoja hawabebi pamoja. Jumatatu Augustin aliachia gunia upande wake. Magunia yakianguka, meli hazipakiwi; meli zisipopakiwa, reli inalala mpaka Kabalo; reli ikilala, Kongo yetu changa itasimama kwa miguu gani?

Nabaki chini ya amri yako, mgongo ukiwa bado mzima. Umsalimie Mama wa nyumbani, makarani wa biro yako ya kazi, na askari wa mlangoni aliyenifukuza juzi.

Lambert

N.B. Jana wale wawili walinivuta mkono mpaka kwa Bwana Pak. Nilikataa bakuli, nikaweka sinia yetu mezani. Alituangalia, akacheka, akamimina humo tambi za watu watatu. Uzi mmoja nikaupata mimi upande huu, Augustin upande ule; tukavuta mpaka vichwa vikagongana, na hakuna aliyekubali kuuachia. Mlango usiufunge. Ila ukija kukagua, utusamehe: kwenye sinia hakuna nafasi ya mtu wa nne.