Kohozi la Stesheni

Jumatatu, 3 Machi
Kohozi limekaa kooni kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mimi ndiye mtangaza treni wa stesheni. Leo bosi kaniita. Kasema amechoka kunisikia nikijikohoza kwenye kipaza sauti kabla ya kila tangazo. Mwezi ukiisha sijapona, kazi anapewa Kinanda wa dirisha la tiketi, tunayemwita hivyo kwa sauti yake tamu. Kinanda kanipa pole. Pole gani ile, meno yote nje.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: pipi za mnanaa, mbili kila shavu. Nimetangaza kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Abiria wa kusini wakapanda treni ya kaskazini. Kinanda akauliza kama baba mzima bado naota meno.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji yangu muuguzi kanihoji kama polisi. Nakula saa ngapi? Usiku. Halafu? Nalala. Akasema ndiyo hapo: asidi ya tumbo inapanda, koo linajikinga kwa kutoa ute. Nikijikohoza naliudhi, linazidi kutoa. Nile mapema, niinue kichwa cha kitanda, ninywe maji kidogo kidogo, nikiwashwa nimeze mate. Nikiona damu au chakula kikikwama, nirudi mbio. Basi? Nilitegemea walau sindano.

Nimeweka matofali chini ya kitanda. Mke wangu kateleza hadi miguuni. Kasema angetaka kulala mlimani angeolewa na mbuzi.

Jumamosi, 22 Machi
Koo safi. Najisikia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nikatangaza treni ya asubuhi kwa sauti laini kabisa. Hakuna abiria aliyeinuka. Treni ikaondoka tupu, wao wamekalia mizigo yao. Bibi mmoja akaja juu: spika hizi maneno hayasikiki, wao husubiri kile kikohozi.

Jumatatu, 24 Machi
Bosi kamjaribu Kinanda. Kakohoa kistaarabu, kama yuko ukweni. Hakuna aliyetikisika. Kazi ni yangu, mradi nirudishe kikohozi. Nimeshusha pumzi ya mwezi mzima. Shemeji kapiga simu, kanikumbusha nisijikohoze. Nikamwambia hayo ni masharti ya wagonjwa, mimi nimepona. Nimejikohoza kwa kila treni, hata ya mizigo, kwa raha zangu.

Jioni hii koo linawasha kidogo. Vumbi tu hilo.